Gololi Haitoshi

Mashine ya oksijeni imewekwa juu ya meza, mgongo wake ukimwelekea fundi. Anaanzia hapo kwa sababu mji wa Bunia huingilia hapo: vumbi jekundu la barabara za udongo, ambalo wakati wa kiangazi hupita hata dirisha likifungwa. Anachomoa sponji ya nyuma, anaikunguta mara moja, kisha anaiosha kwa maji na sabuni hadi maji yatoke meupe. Anaianika kivulini, na hairudishi mpaka ikauke kabisa. Unyevunyevu ndio adui mkubwa wa mashine hii.

Kabla ya hapo alikuwa amemhoji muuguzi wa wodi ya watoto. Gololi ya kipima-mtiririko inasimama kwenye lita ngapi? Tano. Na kipimo cha oksijeni cha kidoleni? Hakipandi. Fundi aliitikia kwa kichwa, akachomoa waya wa umeme ukutani.

Mji huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuuletea mitungi ya oksijeni kwa barabara za mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, katika miaka hii ya vita, ni kazi ya kubahatisha. Ndiyo maana mashine inayotengeneza oksijeni papo hapo, kutoka hewa ya chumbani, ina thamani kubwa. Ndani yake kuna kompresa na mikebe miwili iliyojaa chembe za zeolaiti. Kompresa inasukuma hewa kwenye mkebe wa kwanza. Chembe zinanasa naitrojeni, oksijeni inapita. Baada ya sekunde chache valvu inageuza njia: mkebe wa pili unapokea zamu, wa kwanza unapumua nje naitrojeni yake. Zeolaiti iliyolowa unyevu hainasi tena vizuri.

Fundi anafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Anapitisha brashi laini kwenye feni, anabadilisha chujio la ndani lililogeuka rangi ya matofali. Kisha anachomeka umeme, anachovya brashi nyingine kwenye povu la sabuni na kupaka kila kiungo cha mpira, polepole, akisubiri kila kimoja. Viungo vitatu vimetulia. Cha nne, kinachotoka kwenye kompresa, kinatoa viputo vidogo sana, mimi nisingeviona. Hakikazi bado. Kwanza anataka kujua hali ya mashine kabla hajakikaza, na huo ndio uungwana wa kazi yake ninaouheshimu kuliko yote.

Anatoa kipima-oksijeni. Anakirekebisha kwa hewa ya kawaida mpaka kisome asilimia 20.9, anakiunganisha na mdomo wa mashine, anainama ili jicho lilingane na gololi, anaisimamisha kwenye lita 5. Halafu anakaa. Namba hutangatanga kwa dakika kadhaa, na kuisoma mapema ni kujidanganya.

Katika kusubiri huko niliwakumbuka wenzake wa mbali. Tangu miaka ya 1970 zipo hospitali zinazoweza kumtoa damu mtu ambaye mapafu yake yameshindwa, kuipitisha kwenye pafu bandia na kuirudisha mshipani. Lakini mrija wa kutolea unaweza kuvuta tena damu ileile iliyotoka kupewa oksijeni, kabla haijafika mwilini. Saa ya mashine inasema lita 4 kwa dakika. Sehemu yake inazunguka bure. Ili kuijua sehemu hiyo, mtaalamu huingiza maji kidogo ya chumvi kwenye mrija wa kurudishia, na vihisio vya mawimbi ya sauti hupima ni kiasi gani kimevutwa tena na mrija wa kutolea. Bunia haina mashine hiyo. Ila swali ni moja: kinachopita ni kingi, je, kinafika?

Kipimo kimetulia: 71. Mashine nzima hutakiwa kutoa karibu 93, na chini ya 82 haifai kupewa mgonjwa. Gololi ilikuwa imesimama sawasawa kwenye 5 siku zote, ikiinuliwa kwa sehemu na naitrojeni.

Sasa anakaza klipu ya kiungo cha nne, anapaka povu tena, hakuna kiputo. Anarudia vipimo. Lita 5: 79. Anateremsha hadi 3, anasubiri tena: 90. Zeolaiti imechoka, ikipewa hewa pole inaimudu, ikiharakishwa inashindwa. Mkebe mpya haupatikani leo, lakini watoto wengi wenye nimonia huhitaji lita 1 au 2 tu.

Anaandika kwenye plasta tarehe na namba zote mbili, anaibandika kando ya gololi, anamwita muuguzi. “Mama, hii musiipandishe kupita litri tatu. Mugonjwa wa litri tano, mupeleke kwa ile ingine.”