Vitone Vinavyongoja Wimbi

Pefluorobutani huchemka kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri. Mwilini, penye nyuzi 37, ingepasa igeuke gesi papo hapo. Lakini wapo mafundi wa maabara wanaoifanya izunguke na damu ikiwa bado kimiminika, hadi iguswe na mawimbi ya ultrasaundi.

Jinsi inavyoandaliwa ndiyo inayonikosha. Paul Sheeran na Paul Dayton, huko North Carolina, walianza na viputo vya gesi vilivyovikwa utando wa mafuta, jamii ya vile ambavyo madaktari huvidunga mshipani ili moyo uonekane vizuri kwenye picha. Kichupa hupoozwa chini ya sifuri, kisha hushindiliwa kwa bomba la sindano. Weupe mzito wa viputo hufifia, mwanga huanza kupenya, na fundi hujua kwa macho tu kwamba gesi imekuwa kimiminika. Kiputo cha mikromita moja hivi kimesinyaa kuwa kitone cha nanomita mia mbili na ushei.

Kwa nini hakichemki? Kitone kikiwa kidogo hivyo, uso wake hukibana kwa nguvu. Isitoshe, maji ya sufuria huanzia kutokota kwenye mikwaruzo ya chuma. Ndani ya kitone hakuna mkwaruzo.

Wimbi la sauti hubana, kisha huvuta. Katika ule mvuto kimiminika hukatika, gesi huzaliwa, na kipenyo huongezeka mara tano hivi. Kitone kilichokuwa karibu bubu sasa hurudisha mwangwi mkali.

Kulikuwa na fumbo: masafa yakipanda, vitone hupasuka kwa nguvu ndogo zaidi, kinyume cha ilivyotarajiwa. Mwaka 2014 Oleksandr Shpak na wenzake wa Twente, Uholanzi, walilifumbua. Wimbi kali hupotoka likiwa njiani, likazaa masafa ya juu zaidi, na kitone chenyewe huyakusanya mahali pamoja ndani yake. Kinajilipua, kwa kweli.

Uteuzi wa kimiminika nao ni ufundi. Pefluorobutani hulipuka kwa wepesi, wakati mwingine bila kuombwa. Pefluoroheksani, inayochemka kwenye nyuzi 56 hivi, ni kaidi, ila wimbi likipita hurudi kuwa kitone, tayari kuamshwa tena. Mimi naipenda hii kaidi: mtafiti akilinganisha picha mfululizo, nyama ya mwili hubaki ileile, vitone pekee ndivyo hukonyeza.