Riwaya ya Upelelezi Kutoka Giningi Hadi Pipeline

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa mahali ambapo watu walijuana. Muhammed Said Abdulla (1918–1991) alipomleta Bwana Msa kwa wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimweka Unguja, katika jamii ambayo nasaba ya kila mtu ilikuwa na wa kuieleza. Katika Kisima cha Giningi (1968) na riwaya zilizofuata, siri aghalabu ni ya ukoo: nani mwana wa nani, nani mume wa nani, nani atarithi mali. Bwana Msa huvuta kiko chake, husikiliza maneno ya watu, kisha hulifumbua fumbo mbele ya rafiki yake Najum. Fani hiyo yote imesimama juu ya sharti moja: maneno ya jirani yana thamani kwa sababu jirani anajua. Faraji Katalambula, kwa Simu ya Kifo (1965) na mpelelezi wake Inspekta Wingo, aliuingiza utanzu huu katika mji mkubwa wa Dar es Salaam, na hapo sharti lile likaanza kulegea.

Swali linalozuka ni hili: sharti hilo likikatika kabisa, je, riwaya ya upelelezi itasimama juu ya nini? Nairobi ya leo inalijibu swali hilo kwa ukali, na hasa Pipeline, mtaa wa Embakasi ulioitwa kwa jina la bomba la mafuta. Hapo ghorofa zimebanana hata chumba cha chini hakioni jua mchana. Ushoroba mmoja una milango mingi. Nyuma ya kila mlango mna chumba kimoja, na ndani yake mpangaji aliyehamia mwaka huu na huenda akahama mwezi ujao. Kuta ni nyembamba na mashahidi ni wengi: kilio husikika ghorofa tatu juu. Lakini aliyekisikia hajui jina la anayelia. Huku ni kinyume cha Giningi. Kule watu walijua wakanyamaza. Huku watu husikia bila kujua.

Miongoni mwa riwaya za uhalifu za karne hii zinazoihusu Nairobi, mbili za Mukoma wa Ngugi zinastahili kusomwa: Nairobi Heat (2009) na Black Star Nairobi (2013). Ya kwanza inaanzia Madison, Marekani, maiti ya msichana Mzungu inapokutwa mlangoni pa profesa Mnyarwanda anayesifiwa kuwa shujaa wa mauaji ya kimbari. Mpelelezi Ishmael, Mmarekani mweusi, anaufuata ukweli hadi Nairobi. Ya pili imejengwa juu ya kipindi cha uchaguzi wa Desemba 2007. Nguvu yake ni dhamira: uhalifu hauishii kwa mtu mmoja mwovu, bali una mizizi katika siasa na fedha za dunia. Kasoro ya kazi hizi inatokana na nguvu hiyohiyo. Mpelelezi ni mgeni, hajui lugha ya mji, na mji unakuwa njia ya kupitia kuelekea kwenye siri kubwa zaidi. Mpangaji wa chumba kimoja haonekani vya kutosha.

Diwani ya Nairobi Noir (2020), iliyohaririwa na Peter Kimani, inakaribia zaidi. Hadithi zake 14 zimegawiwa mitaa mbalimbali, na kila mwandishi amelazimika kusimama mahali pamoja. Hata hivyo, aliyeitangulia njia hiyo ni Meja Mwangi. The Cockroach Dance (1979) si riwaya ya upelelezi, lakini Dacca House, jengo la wapangaji la mwenye nyumba Tumbo Kubwa, linaonyesha kwamba kodi yenyewe yaweza kuwa kisa cha jinai.

Kazi hizi zote zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali ushoroba wa Pipeline huzungumza Kiswahili na Sheng. Hili si jambo la fahari ya lugha tu. Ushahidi wa mtaa umo katika usemi: jina la utani, lafudhi inayofichua alikotoka mtu, neno moja linalobadilika maana kutoka ploti hadi ploti. Riwaya ya Kiingereza humpa msomaji ushahidi huo ukiwa umekwisha kufasiriwa. Ya Kiswahili ingeweza kumwachia aupeleleze mwenyewe. Hapo Sheng isingekuwa pambo, bali sehemu ya fumbo.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika Julai 2024, maiti za wanawake zilipopatikana ndani ya magunia katika machimbo ya mawe yaliyojaa taka huko Kware, jirani na Pipeline, karibu na kituo cha polisi. Mtu aliyekamatwa kwa tuhuma hizo alitoroka kizuizini Agosti mwaka huohuo. Mbele ya tukio kama hilo, sura ya mwisho ya Bwana Msa, ambamo kila kitu huelezwa, ingesomeka kama uwongo. Swali la kwanza pale halikuwa nani ameua. Lilikuwa: hawa waliouawa ni nani?

Basi riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inayostahili mtaa huu itageuza fani yake. Mpelelezi wake huenda akawa mtunza ploti anayeijua milango yote lakini si majina, au dobi anayetambua nguo kabla ya uso. Kazi yake itakuwa kumrudishia marehemu jina, nasaba na watu wa kumlilia, yaani yale yaliyokuwa tayari mikononi mwa Bwana Msa kabla hajawasha kiko chake.