Sifa za Bondia na Kioo cha Televisheni

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa methali hii wazee wetu walipima kazi ya fundi, shairi la malenga na nguvu za mwanamieleka. Lakini televisheni imeivuruga hekima hiyo, kwani katika kioo chake kizuri na kibaya hutembezwa pamoja. Tena anayevitembeza si mwenye navyo, bali ni mfanyabiashara aliye na bidhaa nyingine kabisa ya kuuza. Katika insha hii tunakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kutazama mchezo wa masumbwi, na hasa wale mabondia ambao sifa zao zilijengwa na televisheni.

Yafaa tuanze huko Marekani, ambako jambo lenyewe lilizaliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, televisheni ilipoanza kuingia majumbani, masumbwi yaliifaa kuliko michezo mingine. Ulingo ni mdogo, wachezaji ni wawili tu, na kamera moja yatosha kuwaonyesha. Kila raundi ni dakika tatu, kisha hufuata dakika moja ya mapumziko, ambayo ni nafasi tosha ya kutangaza wembe au bia. Na ndivyo ilivyokuwa: Ijumaa ilikuwa zamu ya wembe wa Gillette, na Jumatano ilikuwa zamu ya bia ya Pabst. Mabondia walipigana, na wembe ukauzwa.

Katika hali hiyo alitokea Chuck Davey, kijana wa Michigan, msomi wa chuo kikuu, mwenye sura ya kupendeza, apiganaye kwa mkono wa kushoto. Hatutaki kumdhulumu. Davey alijua mchezo. Alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara nne kabla ya kuingia katika ngumi za kulipwa. Kioo kilimpenda, na watu ambao hawakuwa wamewahi kukanyaga ukumbi wa ndondi wakawa wapenzi wake. Mwaka 1952 aliwashinda Ike Williams na Rocky Graziano, watu wawili ambao kila mmoja alikuwa amepata kuwa bingwa wa dunia. Mtazamaji aliyekuwa kitini kwake alisikia majina hayo makubwa, akaamini kuwa amemwona bingwa mpya.

Hapa ndipo kosa lilipo. Williams alikuwa amekwisha kuvuliwa ubingwa wake mwaka uliotangulia, na Graziano hakupigana tena baada ya pambano lile. Kioo kilionyesha majina, lakini hakikuonyesha umri wa majina hayo. Wahenga wengine walituonya: ukiona vyaelea, vimeundwa. Televisheni ilimwonyesha mtazamaji chombo kikielea, isimwonyeshe mbao wala misumari.

Tarehe 11 Februari 1953, mjini Chicago, Davey alikutana na Kid Gavilan wa Kuba, bingwa wa uzito wa welta. Davey alikuwa hajapata kushindwa. Gavilan alimwangusha zaidi ya mara moja, hata akafika kugeuza mkao na kupigana kishoto kama Davey mwenyewe, mfano wa mwalimu amwonyeshaye mwanafunzi herufi alizozikosea. Raundi ya kumi ilipoitwa, Davey hakuinuka katika kiti chake. Miaka miwili baadaye aliacha ngumi. Kioo kile kile kilichomjenga ndicho kilichoonyesha kuanguka kwake mbele ya mamilioni ya watu.

Huenda msomaji akasema: mbona Gavilan naye alionekana sana katika televisheni? Ni kweli, na jibu lake ndilo kiini cha hoja yetu. Televisheni haitoi ufundi wala haiondoi. Yenyewe hutoa macho ya watu. Gavilan alikwenda mbele ya macho hayo akiwa na ufundi uliokwisha kuiva katika kumbi za Kuba na New York. Davey alipelekwa mbele yake ufundi ukiwa bado unaiva. Muhammad Ali naye alijulikana dunia nzima kwa njia ya televisheni, hata pambano lake na George Foreman mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, likapigwa alfajiri ili Wamarekani walione usiku kwao. Lakini Foreman hakuangushwa na saa ya matangazo. Aliangushwa katika raundi ya nane na mtu aliyejua kungoja.

Madhara makubwa zaidi hayakuwa ya Davey peke yake. Watu walipopata ngumi za bure nyumbani, kumbi ndogo za mitaani zilikosa watazamaji, zikafungwa moja baada ya moja. Kumbi hizo ndizo zilizokuwa madarasa ya vijana, mahali pa kushindwa bila aibu kubwa na kujifunza polepole. Badala yake kijana alitakiwa asishindwe kamwe, kwa kuwa aliyeshindwa mbele ya kioo hakuitwa tena.

Na kiu ya kioo haikuisha. Benny Paret, Mkuba mwingine, alipigwa vibaya na Gene Fullmer mwezi Desemba 1961. Haikupita miezi minne akaingizwa tena ulingoni, tarehe 24 Machi 1962, kupigana na Emile Griffith mbele ya kamera. Katika raundi ya kumi na mbili alipigwa akiwa ameegemea kamba, hajiwezi, na siku kumi baadaye akafariki. Hatusemi kuwa ni televisheni iliyomwua. Twasema kuwa wengi walimtazama, na hakuna aliyemwangalia.

Je, haya yatuhusu nini sisi? Mwaka 1970 Titus Simba alituletea medali ya fedha ya uzito wa kati kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, akishindwa katika fainali na John Conteh, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Wakati huo nchi yetu haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianza kuipata katika miaka ya 1970, na Bara ilingoja hadi 1994. Sifa za Simba zilitufikia kwa redio, kwa magazeti na kwa vinywa vya watu. Hazikuwa na picha, lakini zilikuwa na uzito, maana zilitanguliwa na kazi.

Leo televisheni tunazo, na mabondia wetu hupigana mbele yake. Hatuwaombi wenye vituo waache kuonyesha ngumi. Twawaomba mambo mawili. Kwanza, mtangazaji atuambie mpinzani ni nani, ana umri gani, na amepigana na nani. Asitupigie kelele za sifa tu. Pili, sehemu ya fedha ya matangazo irudi katika kumbi za mitaani, ambako vijana hujifunza kwa glavu za kuazimana.

Sisi washairi twaujua ugonjwa huu. Shairi likisomwa redioni kwa sauti tamu hupata wapenzi kabla vina na mizani yake havijahesabiwa, na mtunzi kijana huamini kuwa amekwisha kufika. Zamani wenzake wangemjibu gazetini na kumwonyesha alipopotea. Bondia hajibiwi kwa beti. Yeye hujibiwa kwa ngumi, na jibu likichelewa sana huwa kali. Kwa hiyo tumhukumu mapema, kwa haki na kwa upendo, kabla hajapelekwa mbele ya mtu kama Gavilan.