"Shusha rangi hadi sifuri": ushauri unaotuharibia picha za kijivu

Ukiuliza namna ya kutibu picha nyeusi-nyeupe iliyotoka kwenye printa ikiwa na upinki, au ukijani kama wa maji ya bwawa, karibu kila mtu atakujibu hivi: fungua picha, shusha rangi hadi sifuri, hifadhi, chapa tena. Ushauri mfupi, unaeleweka haraka, na mara nyingi hausaidii kitu. Hebu tuuchambue, maana wengi wenu mnakaribia kuchapa tasnifu.

Kushusha rangi hadi sifuri kunaipa kila pikseli nyekundu, kijani na bluu kwa kiasi sawa. Kwenye skrini hicho ni kijivu safi, hakuna ubishi. Lakini faili bado ni la RGB, yaani la mwanga, na mashine ya chapa haina mwanga, ina wino. Likifika huko linageuzwa kuwa wino nne: saiani, majenta, njano na nyeusi. Kijivu chako sasa kimejengwa kwa rangi! Chukua lenzi ya kukuzia uangalie chapisho, utaziona nukta zake zimetapakaa.

Na wino hizo si safi kama michoro ya vitabuni inavyodai. Saiani inatakiwa kunyonya mwanga mwekundu peke yake, ila inanyonya pia sehemu ya kijani na bluu. Ndiyo maana ukichanganya zile tatu za rangi kwa viwango sawa hupati kijivu, unapata kitu kinachoelekea kahawia. Katika uchapaji wa ofseti, kijivu cha katikati hujengwa kwa takriban asilimia 50 ya saiani, 40 ya majenta na 40 ya njano. Mizani hiyo ni nyeti mno. Nukta za majenta zikitanuka kidogo tu kwenye karatasi, picha inakuwa ya pinki. Zikipungua, inaenda kijani. Jicho lako, ambalo lingesamehe kosa hilohilo kwenye picha ya shati jekundu, kwenye kijivu halisamehe, kwa sababu weupe wa karatasi uko pembeni na unalinganisha papo hapo.

Ushauri wa pili una akili kidogo: picha ikiwa na upinki, ongeza kijani. Unafanya kazi, ndiyo, lakini leo, kwenye mashine hii, chini ya taa hii. Kijivu cha wino za rangi kinaweza kuonekana safi ofisini kisha kikageuka ukikitoa juani.

Mnaosema ni urembo tu, fikirieni picha ya hadubini ya elektroni. Kifaa kile kinapima elektroni. Hakina rangi yoyote ya kurekodi. Msomaji akiona ukijani anaweza kudhani umepaka rangi makusudi ili kutofautisha tabaka. Na sampuli moja ikitokea kwenye kurasa mbili kwa vivuli viwili, tasnifu yako inadai tofauti ambayo maabara haikuiona.

Dawa ni kuligeuza faili lenyewe libaki na chaneli moja (kwenye Photoshop ni Image, Mode, Grayscale), kisha kuhakikisha linachapwa kwa wino mweusi peke yake. Hata nyeusi yenyewe si kijivu kamili, lakini ikielemea upande mmoja, inaelemea huohuo ukurasa kwa ukurasa.

Kasoro yake ipo, tusifiche: nyeusi peke yake haina kina, na vivuli vizito hutoka vimefifia. Kwa kitabu cha picha ningechagua wino mbili, nyeusi na kijivu. Watengenezaji wa printa za picha wanalijua tatizo hili. Epson ilipotoa wino za UltraChrome K3 mwaka 2005, iliweka nyeusi ya ngazi tatu ili kijivu kisitegemee sana rangi. Kwa grafu na eksirei za tasnifu, nyeusi moja inatosha kabisa.

Ila usiamini jina la faili, maana programu ya kutengeneza PDF inaweza kulirudisha RGB kimyakimya. Kwenye Acrobat Pro fungua Output Preview, ambapo wino zimeorodheshwa moja moja, kisha zima nyeusi. Picha ikitoweka yote, faili liko sawa. Kikibaki kivuli chochote cha rangi, usilipeleke kwa mpiga chapa bado.