Debe Tupu na Redio ya Mtumba

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya redio na spika za mtumba, methali hii imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kibaya hakijitembezi tena. Kinakaa mezani kinapiga kelele, na wanunuzi wanakifuata wenyewe.

Nimeitazama biashara hii hapa kwetu Katumba Songwe, Kyela mjini, hata Mwanjelwa kule Mbeya. Muuzaji hufungulia sauti mpaka mwisho, besi ikatikisa meza, watu wakasogea. Mkulima aliyetoka kuuza kakao yake huulizwa swali moja tu: “Mzee, unausikia muziki huo?” Anausikia mtikisiko, muziki bado. Kelele huficha mengi: mvumo wa umeme, swichi ya sauti inayokwaruza, mkanda wa mpira uliolegea hata kaseti ikaimba kama mlevi.

Tena kuna kasoro ambazo si ubovu bali ugeni. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia umeme wa volti 100, na wetu ni volti 230. Ukiichomeka bila transfoma, inaungua. FM yake nayo, hasa kwa zile za zamani, huishia megahezi 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Muuzaji anayeyajua hayo akanyamaza hakusema uongo, lakini amedanganya. Fedha inayopotea hapo ni ya msimu mzima.

Mimi kipimo changu ni sauti ya mtu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Redio za siku zile nyingi zilikuwa na spika moja ndogo, besi hakuna. Lakini neno lilifika. Lisingefika, vyoo visingechimbwa.

Hata muziki wetu wa dansi ulijengwa hivyo. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na za Marijani Rajab zina magitaa matamu, lakini mzigo wake umo katika maneno. Mtu alizisikiliza ili ajue kisa kimeishaje. Zipige leo katika sabufa iliyozidishwa besi: kisa kinazikwa, kinabaki kishindo.

Vijana husema sisi wazee tunaichukia besi. Sivyo. Ngoma zetu huvuma, na mvumo huo ndio unaoinua miguu. Lakini mpiga ngoma mwenye adabu humpisha mwimbaji. Chombo kisichojua kumpisha mwimbaji ni chombo kibovu, hata kama kimetoka kiwandani jana.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, mwombe muuzaji apunguze sauti. Atafute taarifa ya habari, nawe urudi nyuma hatua kumi. Ukilipata kila neno, angalia volti zilizoandikwa mgongoni, kisha zungumzeni bei. Akikataa kupunguza, kumbuka kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Na ukimpata anayepunguza kabla hujamwomba, mshike huyo. Kwake utarudi tena, na jirani yako utampeleka.