Kanuni ya Kunusuru Kaya Maskini na Kalenda ya Ziwa

Ramani ya umaskini iliyotengenezwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Benki ya Dunia kwa takwimu za 2012 iliiweka Kigoma mkiani. Asilimia 48.9 ya wakazi wa mkoa walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2. Wakati huohuo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulikuwa unaanza kusambaa nchini. Ni vema kuueleza ulivyotengenezwa, kwa sababu ndipo tutakapoona kwa nini kanuni zake zinamwelewa mkulima wa Kasulu kuliko mama anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Katonga, Ziwa Tanganyika.

Tuanzie nyuma kidogo: uhusiano wa serikali na wahisani ulikuwa umeharibika vibaya mwaka 1994, hasa kwa suala la ukwepaji na misamaha ya kodi. Denmark ikagharamia jopo huru chini ya Gerald Helleiner, mchumi wa Kanada, na ripoti yake ya 1995 ikazilaumu pande zote mbili: wahisani waliingilia kila kitu, na serikali iliwaachia usukani. Mkakati wa kwanza wa kupunguza umaskini, wa mwaka 2000, uliandikwa mbiombio kwa kuwa ulikuwa sharti la msamaha wa madeni. Mkakati uliofuata, MKUKUTA wa 2005, ulijadiliwa kwa muda mrefu zaidi na kwa upana zaidi. Lakini nyaraka hizo, pamoja na uzito wake, zilitaja malengo tu. Nani alipwe, kiasi gani, mwezi gani: hayo yaliamuliwa kwingine.

Yaliamuliwa ndani ya TASAF. Mfuko huo ulianza mwaka 2000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukijenga madarasa, zahanati na visima ambavyo vijiji vyenyewe viliibua. Kugeukia fedha mkononi kulianza kwa jaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, likigharamiwa na mfuko wa Japani ulio chini ya Benki ya Dunia. Vijiji 80 viliingizwa kwenye kura. 40 vikapata malipo, 40 vikabaki vya kulinganishia. Kamati za vijiji zenyewe ziliorodhesha kaya na kusimamia masharti ya shule na kliniki. Walipopimwa baadaye, walengwa walionekana kutumia zaidi bima ya afya ya jamii, kufuga zaidi, na kuwanunulia watoto viatu. Mimi nakitazama sana hicho kiatu. Mtoto mwenye viatu hachomwi na mwiba njiani kwenda shule wala haokoti minyoo ardhini, na hakuna ofisa aliyemwagiza mama yake anunue.

Rais Kikwete alizindua mpango wenyewe Agosti 2012. Benki ya Dunia ilikopesha dola milioni 220, kisha Uingereza, Sweden, Marekani na wengine wakachangia. Hapa niwape sifa wanazostahili: badala ya kila mhisani kuja na mradi wake, gari lake na fomu zake, walikubali mpango mmoja, mwongozo mmoja na msimamizi mmoja wa Kitanzania. Ndiyo maana serikali ilipoamua kuharakisha, kaya zaidi ya milioni moja ziliingizwa kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2015. Gharama ya haraka hiyo ni kwamba fedha hazikutosha vijiji vyote. Takriban theluthi moja vilibaki nje hadi awamu ya pili iliyozinduliwa Februari 2020.

Uchaguzi wa walengwa ulipitia chekeche tatu. Kwanza fedha ziligawanywa kwa maeneo kufuata hali ya umaskini. Pili, kijiji kiliitisha mkutano, kikakubaliana vigezo na kutaja kaya. Tatu, kila kaya iliyotajwa ilijaziwa dodoso: wako wangapi, wamesoma hadi wapi, nyumba imejengwa kwa nini, wana mali gani. Majibu hayo yaliingizwa kwenye kompyuta iliyoyapa alama kwa kanuni iliyotokana na takwimu za matumizi ya kaya kitaifa. Aliyepita alama iliyowekwa aliondolewa, hata kama mkutano mzima ulimtaja.

Chekeche la pili linaonekana na watu wote. La tatu halionekani. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kumweleza jirani yake kwa nini ameachwa, kwa sababu hata yeye hazijui alama zilivyopangwa. Na kanuni iliyotokana na wastani wa nchi ambayo wakazi wake wengi ni wakulima hupima vitu vinavyotulia mahali pamoja, kama paa, kuta na vyombo vya ndani.

Ziwa Tanganyika halina maisha ya namna hiyo. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, kipe, chombo cha kuvulia dagaa, hulala ufukweni na mwanika dagaa hana cha kuanika. Chukua mfano wa mjane anayenunua dagaa wabichi kwa mkopo alfajiri, akawatandaza mchangani au kwenye chanja, halafu mvua ikanyesha kabla hawajakauka. Amepoteza mtaji na deni limebaki palepale. Kama ana bati juu aliloachiwa na marehemu mumewe, dodoso linaliona bati. Hilo deni halina mahali pa kuandikwa.

Mkoa wenyewe una mfano wa kuanza upande wa pili, yaani na wananchi badala ya kanuni. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha TACARE kwa nia ya kuokoa misitu inayozunguka Gombe, lakini kazi ikaanza kwa kuwauliza wanavijiji wanataka nini, nao wakataka afya, elimu na chakula kwanza. Mwaka 2017 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuja na Programu ya Pamoja ya Kigoma, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na uongozi wa mkoa na wilaya kufuata mahitaji ya mkoa huu unaohifadhi wakimbizi.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuata makubaliano ya nchi nne za ziwa. Naunga mkono hatua hiyo. Ziwa lilihitaji kupumzika. Lakini miezi hiyo mwanika dagaa hana cha kuanika, na ndani ya mpango wa TASAF kuna ajira za muda zilizokusudiwa majira ambayo akiba ya mkulima imekwisha. Majira ya njaa ya mwambao si yale ya mlimani. Nawaomba TASAF, halmashauri za Kigoma na Uvinza, na wahisani wanaokaa nao mezani: katika vijiji vya ziwani, ajira hizo ziwekwe miezi ya kufungwa ziwa, na dodoso liongezwe swali moja kuhusu deni. Marekebisho hayo hayahitaji mkopo mpya.