Inafika Ngapi?

Siku hizi anayetafuta lenzi ya kuvuta kwa ajili ya kamera yake ya kujifurahisha huuliza swali moja tu: inafika ngapi? Akijibiwa milimita 300, uso unanyong'onyea. Akijibiwa 600, anatoa simu na kulipa, na lenzi yenyewe hajaishika.

Zamani tulichagua kwa mikono. Mombasa kulikuwa na fundi mmoja wa kamera ambaye watu walimpelekea lenzi iliyotumika kabla ya kumpa muuzaji hata shilingi. Mzee hakuwa na haraka. Alivua vifuniko vya pande zote mbili, akamulika tochi kwa nyuma, akachungulia kwa mbele, kimshazari. Alikuwa akisaka kuvu. Unyevu wa pwani huiotesha baina ya vioo. Huanzia ukingoni, nyuzi nyembamba kama za buibui, na ikikomaa hula mpako wa kioo, usirudi tena hata ukisafisha vipi. Kisha alizungusha pete taratibu, sikio karibu, akisikiliza chembe za mchanga. Akaielekeza lenzi chini aone kama bomba litateremka lenyewe. Akakagua vile vibamba vya tundu la mwanga, visije vikawa vimelowa mafuta. Mwisho aliifunga kwenye kamera, akaivuta hadi ikome, akafungua tundu lote, akapiga picha ya ukuta wa mawe ng'ambo ya barabara. Alichokagua kwanza ni pembe za picha. Katikati, alisema, kila lenzi ni mwongo hodari.

Namba haisemi hayo. Lenzi nyingi za bei nafuu za 70-300 hupoteza ukali zikifika mwisho, na tundu lake hapo ni f/5.6. Ile ya 70-200 yenye f/2.8 haifiki mbali hivyo, lakini hupitisha mwanga mara nne zaidi, na picha yake huvumilia kukatwa. Uzito wake huweza kufika kilo moja na nusu. Bei yake nisiitaje.

Nenda hori ya Mida, karibu na Watamu, ukaone. Maji yakitoka, wale ndege weupe kwa weusi walao kaa hutawanyika mbali kwenye matope, na wenye 600 zao huanza kufyatua saa sita mchana. Hewa juu ya tope la moto inacheza, manyoya yote yanayeyuka, na hakuna kioo kinachotibu mazigazi. Wazoefu huhesabu mwezi, wakachagua asubuhi ya maji kujaa, wakakaa kimya kando ya mikoko hadi bahari iwasogeze ndege kwao. Hapo 300 inatosha na kubaki, hasa kwenye kamera zenye kihisi kidogo, ambazo huifanya ione kama 450.

Mwaka 1995 Canon ilitoa 75-300 inayotuliza mtikisiko yenyewe, na sikatai, ni neema. Kabla ya hapo, mwenye 300 alijua kasi ya shata isishuke chini ya 1/300 ya sekunde, viwiko avibane mbavuni, pumzi aishike. Sasa lenzi ya karibu kilo 2 inashikwa kwa mikono iliyonyooshwa mbele, mwenyewe akitazama kioo cha nyuma ya kamera. Picha ikitikisika, lenzi ndiyo yenye kosa, na mwezi unaofuata imetangazwa kuuzwa, boksi na risiti vikiwepo.